Shangingi la Mtumba Sibwesa: Anza na Injini

Mnunuzi wa gari kubwa la familia nchini mwetu huanza na maswali yaleyale. Ni namba D au E? Viti ni vya ngozi? Lina skrini? Linakula mafuta kiasi gani? Swali lililostahili kutangulia huja pesa zikiwa zimeshatoka: chini ya boneti kuna injini ipi? Dalali naye hujibu kwa mkato, "Prado ni Prado, bosi." Sivyo. Ukihesabu zile tu zinazopita kwenye barabara zetu, jina la Prado limebeba injini zisizopungua sita: za petroli na za dizeli, za silinda nne na za silinda sita. Prado mbili zenye rangi moja na bei moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa, na kadiri mwenye gari anavyoishi mbali na gereji ndivyo tofauti hiyo inavyojitokeza mapema.

Ndiyo maana leo naipeleka safu hii Sibwesa, kata ya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Mtu wa Masaki akinunua injini mbovu atapoteza pesa. Ataita gari la kuvuta na jioni atalala kwake. Mtu wa Sibwesa akinunua injini mbovu hupoteza pesa, hupoteza msimu, na pengine gari lenyewe hulala kwenye ua wa fundi Mpanda mpaka majani yaote chini yake. Injini inayofaulu Sibwesa itafaulu popote Tanzania. Inayosifiwa Dar es Salaam haina hakika ya kufaulu Sibwesa.

Hoja yangu ni moja, na yote yatakayofuata yanaielezea: injini ya kununua ni ile ambayo ugonjwa wake unajulikana kwa mafundi wa Mpanda, na dawa yake inaweza kupanda basi la leo kutoka Kariakoo. Nguvu, ngozi na jina vinakuja baadaye.

Mtihani wa Katavi

Mtihani una mambo matatu. La kwanza ni barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita elfu moja, na siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo ni lami, uwe umepitia Tabora na Koga au umezunguka Mbeya na Sumbawanga. Lami hiyo imewafanya wengi waamini kwamba gari lolote sasa linafaa Katavi. Lakini familia ya Sibwesa hailali kwenye lami. Safari zake za kila wiki ni za vumbi wakati wa kiangazi na za tope kuanzia Novemba hadi Aprili: Mpanda mjini kwa ajili ya hospitali, benki na soko, Majalila kwenye ofisi za halmashauri, mara mojamoja kushuka ziwani Karema. Gari hupanda taratibu, gia za chini, limejaa watu na magunia.

La pili ni mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kila mji na bei yake, na aliye mbali na bandari hulipa zaidi kwa sababu ya usafirishaji. Ubora wa mafuta yanayoshushwa bandarini umepanda: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zinafuata kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Uchakachuaji nao umebanwa. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili anayeyachanganya na dizeli asipate faida. Kwa hiyo ukijaza kwenye kituo chenye wateja wengi Mpanda mjini, hofu ni ndogo. Hofu iko kwenye hatua ya mwisho, pale dizeli ya trekta na mashine ya kusaga inapokaa kwenye pipa nyuma ya duka, na petroli ya bodaboda inapouzwa kwenye chupa juani. Kila kumimina kunaingiza vumbi na maji.

La tatu ni fundi. Mpanda ina mafundi wazuri wa Toyota kwa sababu wamefundishwa na magari yaliyopo: Land Cruiser za serikali, za miradi na za hifadhi, Hilux za wafanyabiashara, Hiace za abiria. Mikono yao imezoea injini chache, na injini hizo wanazifungua bila kufungua kitabu. Usidharau jambo hilo. Gari lako likipata injini iliyomo kwenye Hilux na Hiace, umepata mafundi na spea bila kuwalipia.

Dizeli nayo ina ukoo wake

Ukisema Katavi, watu husikia dizeli. Wana sababu. Dizeli ina nguvu ya kuvuta kwenye mwendo mdogo na lita moja huenda mbali zaidi. Lakini dizeli ya mwaka 1998, ya 2006 na ya 2016 ni mashine tatu tofauti, na anayezichanganya hulia.

Kwanza tujue zinakotoka. Magari mengi ya mtumba tunayonunua yametumika Japani, na Japani iliigeuka dizeli. Mwaka 2003 Tokyo na mikoa jirani zilianza kuyafungia njia malori na mabasi yenye moshi mchafu, na sheria za taifa zikawabana hata wenye magari binafsi ya dizeli katika miji mikubwa. Julai 2007 Toyota ikaacha kuuza Prado ya dizeli nchini humo. Haikuirudisha hadi Juni 2015. Weka tarehe hizo mfukoni. Prado iliyouzwa Japani kati ya 2008 na mwanzoni mwa 2015 ni ya petroli. Ukiambiwa ni ya dizeli, basi ama ilitoka soko lingine, Uingereza kwa mfano, ama ilinunuliwa mpya hapahapa kwa wakala, ama imebadilishwa injini, ama unadanganywa. Land Cruiser 200 zilizouzwa Japani, zile tunazoziita V8, zote zilikuwa za petroli.

Dizeli ya kwanza ni ile ya wazee: lita 4.2, silinda sita kwenye mstari. 1HZ haina turbo na pampu yake inaendeshwa bila kompyuta; ndiyo iliyozijengea jina Land Cruiser za mkonga. Ndugu yake mwenye turbo, 1HD-FTE, alifungwa kwenye Land Cruiser 100, gari la kifahari kwa kila kipimo. Injini hizi huvumilia mafuta yasiyo safi kuliko dizeli yoyote iliyozifuata, na kila fundi wa umri wa makamo Mpanda anazijua. Kasoro yao ni umri. 1HD-FTE ya Japani iliishia 2007, kwa hiyo unanunua gari lililozunguka sana, na mwenye nalo zuri haliuzi. Ukilipata kwa mtu anayelitunza, ukaona kumbukumbu za kubadilisha mkanda wa taiming, usilale.

Ya pili ni 1KZ-TE ya lita 3.0, iliyomo kwenye Prado za miaka ya tisini. Inavuta vizuri, ina pampu ya zamani iliyoongezewa umeme kidogo. Ugonjwa wake ni mmoja na ni mkubwa: haisamehe kuchemshwa. Rejeta ikiziba, au mtu akiendesha na maji yamepungua, silinda hedi hupasuka. Ukikuta 1KZ yenye bei ya kutupwa, kabla ya kufurahi tafuta kwanza nani aliichemsha.

Ya tatu ndiyo inayogombewa, 1KD-FTV, lita 3.0 yenye turbo, iliyoingia kwenye Prado mwaka 2000. Hapa ndipo dizeli ilipoingia zama mpya. Badala ya pampu kusukuma kila nozeli kwa zamu, dizeli hujazwa kwenye bomba moja kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, yaani zaidi ya mara elfu ya shinikizo la hewa tunayovuta, kisha kompyuta hufungua nozeli kwa vipande vidogo vya sekunde. Matokeo ni injini yenye nguvu inayokunywa kidogo. Gharama yake ni usafi. Matundu ya nozeli ni membamba sana, na kuyapitishia dizeli ya pipa lenye kutu ni sawa na kumchoma mgonjwa sindano ya maji ya mtoni.

1KD ina ugonjwa mwingine ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua. Chini ya kila nozeli kuna kioshi cha shaba kinachoziba moto wa silinda usipande. Kikichoka, moshi huvuja na kuingia kwenye oili, oili hugeuka lami, lami huziba chujio la chini ya sampu. Oili haipandi tena ipasavyo. Taa ya oili inapowaka, injini imeshaanza kunoki. Vioshi vyenyewe ni vya bei ndogo. Wengi waliopoteza injini hii waliipoteza kwa kutovibadilisha. Pamoja na hayo, naiweka kwenye orodha ya Sibwesa bila kusita. Mdogo wake wa lita 2.5, 2KD, amejaa kwenye Hilux, kwa hiyo mafundi wanaijua familia nzima na spea zipo.

Ya nne ni 1GD-FTV ya lita 2.8, ile iliyorudi Japani 2015. Kwa karatasi ni bora kuliko zote: nguvu ya farasi 177, cheni badala ya mkanda, kelele ndogo. Lakini ilirudi kwa masharti ya sheria za moshi. Kwenye ekzosi kuna chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kujichoma, na kujichoma huko kunataka safari ndefu ya mwendo mkubwa wa mara kwa mara. Toleo la Japani lina pia tangi la maji ya urea yanayopulizwa kwenye moshi. Maji hayo yakiisha, gari la namna hii kwa kawaida hukataa kuwaka tena likishazimwa. Na mtu asikushauri ukoroge mbolea ya urea ya shambani. Uchafu wake utaua mfumo mzima. Hata Australia, ambako mafuta na mafundi vipo, chujio hilo liliwafikisha wamiliki wa Prado, Hilux na Fortuner za 2015 hadi 2020 mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikakubali kwamba magari hayo yaliuzwa na kasoro. Kwa mwenye safari za Mpanda–Dar kila mwezi, 1GD ni gari tamu. Kwa anayetoka Sibwesa kwenda Majalila na kurudi, ni mapema mno.

Petroli tunayoidharau

Sifa ya dizeli imewafanya watu wa mikoani waione petroli ya Prado kuwa ya wanawake wa mjini. Ni dharau isiyo na msingi.

2TR-FE ya lita 2.7 ina nguvu ya farasi 163 tu kwa gari la karibu tani mbili, na zilizouzwa Japani kabla ya 2015 zilikuwa na giaboksi ya gia nne. Likijaa watu saba, kupita lori mlimani kunataka subira. Hapo ndipo malalamiko yake makubwa yanapoishia. Haina turbo, haina nozeli za shinikizo kubwa, haina chujio la masizi. Taiming yake ni ya cheni. Na imo kwenye Hilux na Hiace. Petroli chafu ikiingia, kwa kawaida hufa plagi au pampu ya ndani ya tangi, vitu ambavyo fundi wa kawaida hubadilisha kwa siku moja. Dizeli chafu ikiingia kwenye 1KD, zinakufa nozeli nne na pengine pampu yenyewe. Ukiishi mbali, mwisho wa tatizo ni muhimu kuliko mwanzo wake.

1GR-FE ya lita 4.0, silinda sita, ni injini imara yenye nguvu ya farasi karibu 250 au zaidi, kutegemea toleo, na cheni ya taiming. Kuendesha Prado yenye injini hii ni raha tupu, na kwa sababu wengi wanaogopa kiu yake, bei yake mkononi huwa na nafasi ya kupatana. V8 za Land Cruiser nazo, hasa 2UZ-FE ya lita 4.7 yenye bloku ya chuma, ni injini zilizothibitika kufika mbali sana zikitunzwa mkanda na oili. Hazifi ovyo. Anayekufa ni mwenye mfuko mdogo. Kumbuka pia kwamba tangu bajeti ya 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta. Mwenye V8 anailipa kila anapojaza.

Harrier nizungumzie kwa ufupi, maana wengi wanainunua wakidhani ni Prado ya bei nafuu. Ni gari zuri la lami lenye viti vitano. Toleo la tako la nyani lenye 2AZ-FE ya lita 2.4 lichunguzwe oili kwa makini: baadhi ya injini za familia hiyo zilikuwa na pete za pistoni zinazokula oili, na Marekani Toyota ililazimika kuongeza dhamana kwa sababu hiyo. Ile ya lita 3.0, 1MZ-FE, ina mkanda wa taiming na plagi tatu zilizojificha upande wa nyuma, kazi ambayo fundi mvivu huiruka. Toleo la 2013 lenye lita 2.0 linakula kidogo, lakini tope la Machi halisomi ripoti ya matumizi ya mafuta.

Wageni kutoka Uingereza

Halafu kuna kishawishi. Range Rover Sport, Discovery, BMW X5 zilizotumika Uingereza, usukani upande wetu, zinauzwa bei sawa na Prado ya umri uleule au chini yake, na ndani ni sebule ya hoteli. Kwa nini ziko rahisi? Kwa sababu wenzetu wa kule wanajua kilichomo.

Chukua Discovery 3 yenye dizeli ya V6 lita 2.7. Injini hiyo ina historia ya kukatika kwa krenkshafti, bila kutoa taarifa ya maana. Ina mikanda miwili: wa mbele wa taiming na wa nyuma wa pampu ya dizeli, na wa nyuma husahaulika. Kwa kazi kubwa, kama kubadilisha turbo, mafundi wengi huona heri kuinyanyua bodi yote kutoka kwenye chesisi. Jiulize ni ua gani Katavi wenye mashine ya kunyanyua bodi. BMW nazo zinatofautiana kwa namba: dizeli ya silinda sita ya familia ya M57, iliyomo kwenye X5 za zamani, inaheshimika duniani, lakini ile ya silinda nne ya N47 ilijulikana kwa cheni ya taiming iliyowekwa upande wa nyuma, karibu na giaboksi, ambayo ikichoka injini inabidi ishuke.

Sisemi ni magari mabaya. Nasema fundi wake hayupo njiani. Mtu wa Sibwesa anayenunua Discovery amenunua pia tiketi za fundi kutoka Dar.

Herufi zisizodanganya

Usimuulize dalali injini. Fungua boneti, tafuta kibati cha modeli, soma herufi. Kwenye Prado, TRJ ni petroli ya 2.7, GRJ ni petroli ya 4.0, KZJ ni dizeli ya 1KZ, KDJ ni dizeli ya 1KD, GDJ ni dizeli ya 2.8. Tarakimu zinazofuata ni kizazi cha bodi, kwa mfano 120 au 150. Kwenye Land Cruiser, UZJ ni V8 ya 4.7, URJ ya Japani ni V8 ya 4.6, HDJ ni dizeli ya silinda sita yenye turbo, HZJ ni ile isiyo na turbo. Kwenye Harrier za kizazi cha pili, ACU ni 2.4, MCU ni 3.0, GSU ni 3.5. Na hapa kuna siri inayowahusu watu wa tope: ACU30 inavuta kwa magurudumu ya mbele pekee, ACU35 inavuta yote manne. Gari hilohilo, tarakimu moja, na Aprili unabaki njiani au unafika.

Kibati kikisema TRJ na chini kuna dizeli, injini imebadilishwa. Hilo si kosa lenyewe, ila namba ya injini lazima ilingane na kadi ya gari. Isipolingana, muuzaji akaisahihishe TRA kwanza ndipo mzungumze bei. Namba E nayo inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilikimbia kiasi gani kabla ya kufika bandarini.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano wa mtu anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka, na kwa urahisi tuseme lita ya mafuta, petroli au dizeli, ni shilingi 3,000. Kwa matumizi ya kawaida ya njia mchanganyiko, Prado ya dizeli 3.0 ikienda kilomita 9.5 kwa lita itakula takriban shilingi milioni 3.8. Prado ya 2.7 ikienda kilomita 7 kwa lita itakula milioni 5.1. Ya 4.0 kwa kilomita 6 itakula milioni 6. V8 kwa kilomita 5 itakula milioni 7.2.

Tofauti ya dizeli na petroli ya 2.7 ni kama milioni 1.3 kwa mwaka. Nozeli nne mpya halisi za 1KD hugharimu mamilioni kadhaa. Ajali moja ya dizeli chafu inaweza kufuta faida ya miaka miwili au mitatu. Sasa mpe kilomita 30,000 mtu anayezunguka kununua mpunga na mahindi: tofauti inapanda hadi zaidi ya milioni 3.3 kwa mwaka, na dizeli inaanza kujilipa hata baada ya kuhesabu nozeli. Kwa hiyo swali la "dizeli au petroli" halijibiwi kabla hujajua unatembea kiasi gani. Chukua daftari, andika safari za mwezi mmoja, kisha zidisha.

Ukiagiza mwenyewe, weka na kodi. Pamoja na ushuru wa forodha na VAT, kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo; kwa kipengele hicho 2.7 na V8 ziko kapu moja. Umri ndio unaouma zaidi: gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na linalozidi miaka kumi asilimia 30. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma pesa. Kwa sababu ya nyongeza hiyo ya umri, kwa Prado za zamani mara nyingi ni nafuu kununua mkononi lililokwisha kulipiwa, mradi ulikague.

Siku ya kulikagua

Fika asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Shika boneti; ikiwa ya moto, ondoka urudi kesho. Injini iliyopashwa huficha mengi. Liwashwe wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili, mweupe mzito usiokatika ni maji au dizeli isiyoungua, mweusi mfululizo ni nozeli au hewa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: upepo mkali unaotoka na moshi wake unasema pete zimechoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imekutana na maji.

Kwa 1KD, omba fundi mwenye mashine asome marekebisho ya kila nozeli na apime dizeli inayorudi. Nozeli moja inayorudisha sana inatosha kushusha bei. Uliza vioshi vya shaba vilibadilishwa lini na kama sampu imewahi kufunguliwa. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT. Wapo wanaoizima bila kubadilisha mkanda, kwa hiyo dai risiti ya mkanda. Kwa petroli, chomoa plagi zote, hata zile ngumu, uzisome rangi. Kwa gari lolote, angalia maji ya rejeta: kama ni ya kisima badala ya kuleanti, mwenye gari amekuambia alivyolitunza. Mwisho, lipakie watu, lipandishe mlima, kisha litazame tena chini.

Ningemshauri nini

Familia ya Sibwesa inayotembea chini ya kilomita 15,000 kwa mwaka: Prado TRJ120 au TRJ150, petroli 2.7, na uvumilivu mlimani. Mfanyabiashara wa mazao anayezidi kilomita 25,000, anayejaza kwenye kituo cha kuaminika na yuko tayari kubadilisha chujio la dizeli kabla ya wakati: KDJ120 ya 1KD, baada ya kubadilisha vioshi vya nozeli na kusafisha sampu siku ya kwanza. Aliye katikati ya hapo achague kwa mafuta: kama dizeli yake hutoka kwenye pipa, anunue petroli. Mwenye uwezo na anayetaka raha: GRJ, aache V8 kwa wanaojaziwa mafuta na ofisi. Anayependa ya zamani: HDJ yenye historia iliyoandikwa. Mwenye ndoto ya Discovery asubiri mpaka ahamie mjini.

Na katika bajeti yoyote, usitumie shilingi zote kununua. Tenga kama asilimia 15 kwa ajili ya mwezi wa kwanza: oili, vichujio vyote, mkanda, maji ya rejeta, nozeli kama zinahitaji. Ikiwa pesa iliyobaki haitoshi kwa hayo, shuka toleo moja chini, ununue la zamani zaidi lenye afya. Na dalali akikataa gari lisikaguliwe likiwa baridi, mwage kwa heri. Prado hazijaisha Tanzania.